Alama Katika Mstari wa Tatu

Mkono wa kushoto wa gauni la Regina ulikuwa umegoma kukaa. Odilia aliufumua, akautandika upya kwapani, akaushikiza kwa pini na kuurudisha chini ya sindano. Mguu ukaanza kukanyaga cherehani, puani akivumisha wimbo kama wafanyavyo mafundi wengi, akili yake ikiwa mbali.

Kwenye benchi la barazani alikaa mteja mmoja, Mama Magreti, mwanamke wa makamo kutoka Ruhembe, aliyekuwa akishonewa magauni ya buluu yeye na wenzake wa kijijini. Alikuwa mteja mzuri. Kila fungu lilipokuwa tayari alikuja mwenyewe kulichukua, na kama halijawa tayari alikaa akasubiri. Hakumharakisha fundi wala hakulalamikia kushona. Mara nyingine alishinda pale tangu treni ya asubuhi hadi ya kurudi, miguu ameikunja chini ya benchi, akiangalia jinsi mguu wa Odilia unavyopanda na kushuka.

"Fundi," alisema siku ile, "hilo la njano ni la nani? Lina maringo ya mjini."

"La mwenzangu."

"Anaolewa?"

"Anaimba."

"Ahaa." Mama Magreti akaitikia kwa kichwa kwa adabu, hakuuliza zaidi.

Odilia alikuwa anageuza kitambaa alipomwona Costancia anakuja mbio kutoka upande wa stesheni, beseni la maandazi kichwani, mkono mmoja ukilishikilia. Costancia hakuwa mtu wa kukimbia. Mwili wake ulikuwa mzito na sauti yake nzito zaidi, na ndiyo maana katika kundi lao aliimba sauti ya tatu, ile ya chini kabisa.

"Shikamoo mama," Costancia alimsalimia mteja.

"Marahaba mwanangu."

Kisha akamwonyesha Odilia kwa jicho kwamba waende nyuma ya duka. Odilia aliacha gauni chini ya sindano. Nyuma ya duka, Costancia alitua beseni juu ya pipa.

"Wameuimba, dada Odi."

"Nini?"

"Wimbo mpya. Ule wa mama anayemsubiri mwanawe. Jana, kwenye treni ya Kidatu. Wanawake wamejaa behewa, sijui wa kijiji gani, wanapiga makofi wanaimba. Nimewauzia maandazi dirishani, nikasikia."

"Una hakika ni wenyewe?"

"Mimi si nauimba kila siku? Maneno mengine, ya miwa na majembe, lakini wimbo ni wetu. Wameuponda tu, umekuwa kama chakula kisicho na chumvi. Nami nikataka kuusikiliza vizuri, treni ikaondoka."

Odilia alitazama huku na huku, kisha akauliza swali ambalo Costancia hakulielewa.

"Kwenye mstari wa tatu, ulipanda?"

"Ulipanda nini?"

"Sauti. Ilipanda au ilishuka?"

Costancia akafikiri. "Nadhani ilipanda. Kuna mahali ilipanda."

"Basi," Odilia akasema. "Nimeshajua."

Hakusema anajua nini. Alirudi barazani, akamwomba Mama Magreti radhi, akaketi. Lakini mkono wa gauni la Regina hakuugusa tena siku ile. Alilikunja na pini zake, akaliweka chini ya vipande vya kitambaa, akachukua gauni la buluu.

Watu watatu hawawezi kuimba pamoja kwa miaka bila kuaminiana. Odilia, Regina na Costancia walianza wangali watoto wa shule ya misheni, na aliyewaimbisha alikuwa mwalimu mmoja mkali aliyeitwa Onesphory. Mwalimu Onesphory alikuwa na sheria yake: mwimbaji hafundishwi sauti ya mwenzake. Kila mmoja hufundishwa sauti yake peke yake, kwenye kona yake, mpaka aijue hata akiamshwa usingizini, ndipo wote huitwa wakaziunganisha. Aliamini kwamba anayesikia sauti ya jirani mapema mno huikimbilia kama mbuzi anavyokimbilia shamba la watu.

Walipomaliza shule waliendelea na sheria ile, ila nyimbo zilibadilika. Mwinshehe, kijana wa reli aliyepiga gitaa, aliwaletea santuri kutoka Dar es Salaam. Wanawake Waamerika weusi waliimba humo watatu watatu, kwa uchungu na kwa raha, kama mtu mmoja mwenye makoo matatu. Kiingereza chao hawakukishika vizuri, lakini zile sauti walizishika. Wakajiita Dada wa Mkondoa, kwa jina la mto wao. Walivaa wigi na vigauni vifupi, wakaimba soul, muziki wa santuri zile, kwenye klabu ya reli hapo Kilosa, wakaimba Kimamba kwa wakata mkonge, wakaimba kwenye kumbi za mashamba ya miwa, na mwishowe wakaitwa hotelini Mikumi, ambako Wazungu waliotoka kutazama tembo waliwapigia makofi wamesimama.

Halafu ikatangazwa kwamba soul haitakiwi. Wigi zikaingia sandukuni, pindo za magauni zikashuka chini ya magoti. Makundi mengine yalivunjika. Dada wa Mkondoa hawakuvunjika, kwa sababu Odilia alikaa akafikiri, kisha akatunga nyimbo zao wenyewe kwa Kiswahili: za kulima, za reli, za mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda kufungua kijiji kipya. Ndani ya nyimbo hizo sauti tatu zilipandana vilevile kama kwenye santuri. Asiyejua alisikia wimbo wa maendeleo, na aliyejua alitabasamu.

Sasa watu wa redio walikuwa wanakuja Mikumi kurekodi makundi ya wilaya. Sharti lao lilikuwa moja: wimbo uwe mpya, usiwe umeshaimbwa na wengine. Kwa Dada wa Mkondoa, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kuacha kuwa watu wanaovumiliwa na kuwa watu wanaotambuliwa. Wakiikosa, Costancia angebaki na maandazi yake na Odilia na cherehani yake, na siku moja wangesahau hata jinsi ya kusimama jukwaani.

Lakini wimbo wao wa kwanza wa Kiswahili, wa treni, ulikuwa umeshaibwa. Mwinshehe alikuwa ameusikia kwenye sherehe huko mashamba ya miwa, unaimbwa na kwaya ya wanawake. "Wameuimba kibovu," alisema, "lakini ni ule ule." Tangu hapo Odilia alianza kuwatazama wenzake kwa jicho la pembeni.

Hakukurupuka. Alipotunga wimbo wa mama anayesubiri, aliitumia sheria ya mwalimu Onesphory kutega mtego. Katika sauti ya kwanza, ya Regina, aliweka alama: kwenye mstari wa tatu, mahali ambapo wimbo ulitaka kushuka, aliufanya upande. Katika sauti ya tatu, ya Costancia, aliweka pumzi kabla ya neno la mwisho, pumzi ambayo wimbo haukuihitaji. Aliwafundisha kila mmoja peke yake. Atakayeuza, wimbo wenyewe utamtaja. Katika sauti ya pili, yake mwenyewe, hakuweka alama yoyote. Nani hujitegea mtego?

Na Regina alikuwa na mengi ya kutiliwa mashaka. Aliuza kwenye duka la ushirika, lakini siku zake za mapumziko hakuonekana mjini. Watu walimwona akipanda treni ya kwenda Mikumi, akirudi jioni. Aliulizwa akajibu, "Nilikwenda kutembea." Nani huenda Mikumi kutembea? Kisha akaonekana na viatu vipya vyekundu vyenye kisigino.

Jioni hiyo walipokutana chumbani kwa Costancia kufanya mazoezi, Regina alifika amevivaa. Mwinshehe alikuwa kitandani anakaza nyuzi za gitaa.

"Jamani leo tuanze mapema," Regina akasema. "Dada Odi, gauni langu vipi? Jumamosi ndiyo hiyo."

"Gauni lipo," Odilia akajibu. "Kwanza nieleze. Mikumi unakwenda kwa nani?"

Regina akacheka. "Toka lini fundi cherehani akawa askari?"

"Nimeuliza."

"Nami nimesikia. Nakwenda kutembea."

"Unatembea na wimbo wetu?"

Gitaa likanyamaza. Regina alimtazama Costancia, Costancia akatazama sakafu.

"Sema vizuri," Regina akasema taratibu. "Sema ili na Mwinshehe asikie."

"Wimbo umeimbwa jana kwenye treni. Na ulipanda kwenye mstari wa tatu. Anayepanda kwenye mstari wa tatu ni wewe peke yako. Niliweka alama."

"Uliweka alama."

"Kila mtu na yake."

"Kwenye sauti yangu?"

"Kila mtu na yake. Na viatu hivyo umepewa na nani?"

"Viatu vyangu navyo vinaimba?" Regina akasema, lakini hakuna aliyecheka. Alisimama, akachukua mtandio wake. "Mkaimbe wawili."

"Regina, ngoja," Mwinshehe akasema.

"Ningojee nini? Anipime na futi kabisa aone nimepungua wapi." Akatoka, na visigino vyake vikasikika muda mrefu kwenye njia ya kokoto.

Siku ya Jumamosi Odilia, Costancia na Mwinshehe walipanda treni kwenda Mikumi. Walisema labda Regina atatokea stesheni. Hakutokea. Gauni lake lilibaki dukani, mkono mmoja umeshonwa, wa pili una pini. Odilia aliwaambia wenzake kwamba watu wawili na gitaa wanatosha. Costancia alikuwa anajua, kama Odilia alivyojua, kwamba sauti ya pili na ya tatu bila ya kwanza ni kama nyumba yenye kuta na msingi lakini haina paa.

Ukumbi wa Mikumi ulikuwa umejaa. Gari la redio lilisimama nje, waya zake zikipita dirishani. Mlangoni alisimama kijana nadhifu, Petro, katibu wa vijana wa hapo, akiyaita makundi.

"Dada wa Mkondoa," alisema alipowaona. "Na yule mwenzenu mbishi yuko wapi?"

"Nani?"

"Regina. Huyo si ndiye aliyenisumbua hapa? Mimi niliwakata kwenye orodha mapema. Nilisema hawa ni watu wa soul, watatuaibisha. Akaja. Nikamfukuza, akaja tena. Akaniimbia maneno ya nyimbo zenu hapa hapa mlangoni, kama anasoma risala, mpaka mzee wa tawi la chama akasema mwacheni, waje. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia," Costancia akasema.

"Alisema dada yenu mkubwa ana wasiwasi mwingi, akisikia mmekatwa atakufa kwa presha." Petro akacheka. "Ingieni, mko wa nne."

Odilia aliketi kwenye benchi la nyuma. Hata hivyo hakulegea mara moja. Alijiambia kwamba mtu anaweza kukuombea nafasi kwa mkono mmoja na kukuuza kwa mkono mwingine. Mstari wa tatu ulikuwa umepanda. Hilo lilikuwa limesikiwa.

Kundi la pili likaitwa: kwaya ya akina mama wa kijiji cha ujamaa, kutoka Ruhembe. Walipanda jukwaani kwa mstari, na Odilia, kabla hajawaona nyuso, aliona magauni. Magauni ya buluu yenye kola nyeupe. Aliijua kila kola. Ile ya tatu kutoka kulia aliifumua mwenyewe akaishona tena kwa sababu kona yake ilipinda. Aliyeivaa alikuwa Mama Magreti.

Wakaanza kuimba.

Odilia aliegemea mbele akausubiri mstari wa tatu. Ulikuja, haukupanda. Wala haukushuka. Wimbo ulikwenda ulivyokuwa ukienda tangu mwanzo, karibu katika noti moja, ukiinama kidogo na kunyanyuka kidogo, kama mtu anayetembea juu ya reli akihofia kuanguka. Kabla ya neno la mwisho hapakuwa na pumzi. Alama ya Regina haikuwamo humo. Ya Costancia haikuwamo. Palikuwa na kuta peke yake, na akina mama wale walikuwa wamezifanya nyumba.

Ilikuwa sauti ya pili.

Kila baada ya mistari miwili kwaya nzima ilinyamaza kidogo, pasipo sababu yoyote ya wimbo, kisha ikaendelea. Watu walidhani ni pambo. Odilia alitazama chini akaona mguu wake wa kulia unapanda na kushuka juu ya sakafu, na kila kwaya iliponyamaza mguu ulisimama wenyewe. Hapo ndipo fundi husimamisha mguu, huacha sindano imechomeka, hugeuza kona ya kola, kisha hukanyaga tena.

"Dada Odi," Costancia akanong'ona. "Huu ndio niliousikia."

"Najua."

"Lakini haupandi."

"Haupandi," Odilia akasema. "Haukupanda hata siku ile. Mimi ndiye niliyekutia neno hilo kinywani."

Walipomaliza, Mama Magreti alimwona kutoka jukwaani akaja moja kwa moja, uso ukimng'aa.

"Fundi! Umekuja kuona kazi yako?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Magauni wameyasifu mpaka watu wa redio. Na wimbo je, umeusikia? Kijijini tunauita wimbo wa cherehani. Niliuokota pale barazani kwako, nikawapelekea wenzangu, mwalimu akatutilia maneno. Na ule mwingine pia, wa kwanza. Nilitaka kukuambia siku nyingi, nikaona aibu, nikasema labda ni vitu vya kwenu mafundi, vya kushonea."

Odilia alitafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Hakuipata.

"Ni vya kushonea, mama," akasema. "Mmeviimba vizuri."

Dada wa Mkondoa walipoitwa, Odilia alikwenda peke yake kwa yule mtu wa redio, mzee mpole mwenye vipokea sauti shingoni, akamweleza kwamba wako pungufu. Kuhusu wimbo kuwa mpya, alisema ukweli: kipande chake kimoja kimeshaimbwa leo, pale pale.

"Kipande?" mzee akauliza.

"Cha katikati. Juu na chini bado hakuna aliyevisikia."

"Tunalala hapa. Kesho mchana tunafungasha mitambo. Mkija watatu nitawasikiliza. Mkija wawili, msije."

Walirudi Kilosa kwa treni ya alasiri. Jua lilikuwa halijazama Odilia alipofika kwa akina Regina, nyumba ya pili nyuma ya soko. Mama yake Regina alikuwa anapepeta mchele uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo mwenzako hajala tangu juzi. Sijui mmegombea nini, mtu mzima anasusa chakula kama mtoto."

Regina alitoka mlangoni, kanga kifuani, miguu mitupu. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Odilia alisema yote akiwa amesimama: magauni ya buluu, kola, mguu, Petro mlangoni. Alipomaliza, mama mtu alikuwa ameacha kupepeta.

"Kwa hiyo mwizi ni wewe," Regina akasema.

"Ni mimi."

"Na mimi ukanitia alama kama ng'ombe." Akakaa kwenye kizingiti. "Unajua, dada Odi, mahali pale nilijua kuna kitu. Mstari wa tatu. Kila nikifika pale sauti inakwaruza, inataka kushuka, mimi naipandisha kwa nguvu. Nikasema hii imekosewa. Halafu nikasema, hapana, Odilia hakosei, ana maana yake. Nikaizoea. Nimeifanyia mazoezi mpaka dukani nikipima sukari."

Odilia alichuchumaa mbele yake.

"Kuitwa mwizi nitasahau," Regina akaendelea. "Lakini nikiimba, nitajuaje ni wimbo unaoniimbisha, au ni wewe unanipeleleza?"

"Mstari nitaurudisha. Utashuka, kama ulivyotaka wenyewe."

"Na nani ataniambia kama umeurudisha wote?"

Mama yake akaanza kupepeta tena, taratibu.

"Viatu," Odilia akasema, kwa sababu hakuweza kujizuia. "Wewe na viatu vile..."

"Hivyo sikuambii," Regina akasema. "Na vyenyewe vikukae rohoni." Kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Kisha ikatulia. "Gauni langu limekwisha?"

"Bado mkono mmoja."

"Mkono mmoja tangu siku ile?"

"Nililiweka chini."

"Kalimalize. Asubuhi nitapita dukani kupima. Nikiona linanikaa, tutazungumza habari ya treni."

"Na lisipokukaa?"

"Nitavaa langu, nirudi kulala."

Odilia alikwenda dukani mwanga ungalipo. Alilitoa gauni la njano chini ya vipande, akalikung'uta. Benchi la wateja lilikuwa tupu, lakini kabla ya kukaa aliligeuza likatazama ukuta, kisha akajiona mjinga akaligeuza tena. Akauingiza mkono wa kushoto chini ya sindano, akafumba mdomo, akaanza kukanyaga.

Mshono ukaenda upogo. Aliufumua. Akakanyaga tena, meno yamebanana, na safari hii mguu ulikwenda mbio, mkono ukachelewa, kitambaa kikajikunja kwapani. Hakuwa amewahi kushona kimya. Mwili wake haukujua mahali pa kuanzia wala pa kusimama.

Alifumua uzi kwa mara ya pili, mmoja mmoja, asije akachana kitambaa. Nje mwanga ulikuwa umepungua kiasi kwamba njano na nyeupe zilianza kufanana. Kushona mkono katika mwanga kama ule ni kuuharibu. Akaushikiza upya kwa pini kuzunguka kwapa lote, akaliacha gauni pale pale juu ya cherehani, mkono ukining'inia, ili alikute asubuhi kabla Regina hajaja.

Kisha akafunga mlango, akasimama barazani akiujaribu mstari wa tatu kwa sauti ya kwanza, polepole, ukishuka. Katikati akanyamaza, akatazama kwanza kama kuna mtu anayepita.